Uso Wako Ulipokwenda Bila Wewe

Mwanangu Mwikali,

Sanduku lako limefungwa, na sitakuandikia habari za blanketi wala za unga. Hayo unayajua kunishinda. Nakuandikia kwa sababu jioni uliniuliza swali, nami nikakutuma ukaangalie kama maji yamechemka, na maji yalikuwa hayajawekwa hata motoni.

Ulisema mwalimu mkuu wa ile chekechea ya Mwingi amekupigia. Amekwambia kazi yako itakuwa kuwaosha watoto mikono, kuwanywesha uji, kuwalaza mchana, na kila siku kuwapiga picha na kuzituma kwenye kundi la wazazi, maana wazazi wa siku hizi wanapenda kuona. Halafu ukaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Niliona vile ulivyonitazama. Ulijua ninachoogopa. Lakini mambo yale unayajua vipande vipande, vingine kutoka kwa susu, bibi yako, kabla hajatuacha, vingine kutoka kwa watoto wa shule waliokucheka. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa chini nikakusimulia yote. Nikianza kwa mdomo nitalia, nawe utaanza kunibembeleza, na usiku wa kuamkia safari si wa mtoto kumbembeleza mama. Kwa hiyo naandika.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa ameenda zake kabla hujaanza kutambaa, na mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Nikakuacha Kanyangi kwa mama yangu, susu yako, nikaja hapa Kibwezi kupika katika hoteli ya madereva wa malori. Kutoka hapa hadi Kanyangi si mbali kwa mwenye gari. Kwa mpishi anayepumzika mara moja kwa mwezi, ni ng'ambo.

Mjomba wako Muthama ndiye aliyekuwa na simu yenye kamera. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akikupiga picha na kunitumia. Sijui kama ninaweza kukueleza zile picha zilikuwa nini kwangu. Nilizitazama nikiwa nyuma ya jiko, mikono imejaa unga, nikigusa kioo kwa kifundo cha kidole ili nisikichafue. Nilijua umerefuka kwa sababu gauni la kijani lilikuwa limeanza kuonyesha magoti. Nilijua meno yametoka kabla susu hajaniambia.

Jumapili moja akanitumia ile picha. Susu alikuwa amekupakulia muthokoi kwenye sahani ya bati, ukaiweka chini ili ufukuze mbuzi, na huku nyuma kuku na vifaranga wake wakaja wakaimaliza. Muthama akakupiga ukiwa unalia, mdomo wazi, meno mawili ya mbele hayapo, jicho moja umelifumba, na kidole umemnyooshea kuku. Lakini kuku hayumo pichani. Kwa hiyo kila anayeitazama picha anaona mtoto anayelia akimnyooshea yeye kidole.

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya debe la mafuta. Hoteli yetu ilikuwa na kundi la simu ambalo madereva waliagizia chakula wakiwa bado Emali au Mtito Andei, wakifika wakute kiko mezani. Nikaituma humo. Chini yake nikaandika: "Huyu ni Mwikali wa Kanyangi, bosi wangu. Leo amekasirika."

Jina lako, na kwenu, kwa mkono wangu.

Sikuwa na nia mbaya. Wale watu waliniita "we mpishi" asubuhi hadi jioni. Nilitaka wajue kwamba nina mtu.

Kesho yake dereva mmoja ambaye chapati zake zilichelewa akairudisha ile picha kundini, sasa ikiwa na maandishi juu ya kichwa chako: "Chapati zangu ziko wapi?" Hoteli nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikaituma kwa Muthama, nikaituma kwa kina mama wa chama. Baada ya hapo kila mtu akaweka maneno yake. Wa mafuta yaliyopanda bei, wa timu iliyofungwa, wa mke aliyenuna. Malori yalikwenda Malaba na uso wako na kurudi nao, na mimi nilijivuna, mwanangu. Nilijivuna kama mtu ambaye mtoto wake amepita mtihani.

Halima, unayemwita Mama Hibo, alikuwa ameshafungua duka lake la nguo ubavuni mwa hoteli. Asubuhi moja aliingia jikoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaniwekea simu mbele ya macho.

"Mama Mwikali, huyu si mtoto wako?"

"Ndiye. Umempata wapi?"

"Kwa dada yangu, Garissa. Amenitumia tu. Hajui kama namjua huyu mtoto."

Nikatazama. Maandishi yalikuwa ya Kisomali. Nikamuuliza yanasema nini. Halima akachukua simu yake akaifunika kwa kiganja.

"Ni matusi. Usiniulize zaidi."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Uso wako ulikuwa unatukana watu kwa lugha usiyoijua, mahali ambapo hujawahi kukanyaga. Hiyo ndiyo baridi ya kwanza niliyoisikia, na haijawahi kunitoka yote.

Niliandika kundini nikawaomba waache, nikisema huyu ni mtoto wa watu. Wengi walinyamaza. Mmoja akanijibu kwa picha yako, ukilia, umeninyooshea kidole.

Kisha mtu ambaye hadi leo simjui akaitoa ile picha kwenye mzaha akaipeleka kwenye huzuni. Akaandika kwamba mtoto huyu, Mwikali wa Kanyangi, ametupwa na mama yake aliyefuata madereva wa malori, kwamba analala njaa, mwenye moyo amsaidie. Watu waliililia ile habari. Mimi walinilaani. Nilizisoma laana zangu nikiwa nimesimama, na maharagwe yakaungua yote. Nilitaka kujibu kwamba mama yupo, na kila mwezi anatuma chakula. Halima alinishika mkono.

"Usijibu," alisema. "Ukijibu watajua na wewe uko wapi."

Sasa nakuja kwenye ile siku. Ulikuwa mdogo, na sijui unakumbuka nini.

Ilikuwa siku ya soko. Mwanamume mwenye shati safi na mkoba wa begani alifika Kanyangi akauliza watu, "Mwikali wa Kanyangi anakaa wapi?" Akawaonyesha picha. Watu wakacheka, kwa sababu wanakujua, na mtu akamsindikiza hadi langoni. Siwalaumu. Aliuliza kwa jina, na jina lilikuwa la kweli.

Alileta mkate na sukari. Susu akampikia chai, ndivyo alivyolelewa. Akasema ametumwa na wafadhili, kwamba anataka kukupeleka Kitui mjini ukapigwe picha nzuri za kuwaonyesha, halafu akurudishe.

Susu akamwambia, "Huyu mtoto ana mama. Nitamuuliza."

"Mama gani?" akasema yule mtu. "Dunia yote inajua alikoenda." Akatoa simu ili amwonyeshe.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Susu aliniambia aliinama kuitazama simu, na macho yake hayakuwa yakiona vizuri, kwa hiyo alichukua muda. Alipoinua kichwa hukuwepo. Yule mtu akangoja, akamaliza chai, akasema atarudi, akaondoka. Susu akakuita. Akaita tena. Akaenda kwa majirani. Alipofikiria kwamba huenda yule mtu alikungoja njiani, ndipo akaazima simu akanipigia.

"Mwana wakwa, mtoto haonekani. Na yule mtu ameondoka."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka Halima akipiga kelele kumwita mumewe, Abdi, ambaye alikuwa amefika na mbuzi wa kupeleka mnadani. Abdi hakuuliza hata swali moja. Alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akawashusha mbuzi wa watu barabarani, akamwachia Halima awachunge mbele ya duka la nguo, akaniambia nipande.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipovuka mto Athi alisema tu, "Taja jina lake. Ukilitaja hutapata nafasi ya kufikiria mengine." Nikalitaja. Mwikali, Mwikali, hadi Ikutha, hadi Mutomo, hadi tulipoacha lami vumbi likaingia ndani. Na kila nilipolitaja nilikumbuka nani aliyeliandika pale ili watu walisome. Nilikuwa nikiona gari lolote mbele yetu nadhani umo ndani. Nilimwomba Abdi alipite basi la shule, nikachungulia madirishani kama mwendawazimu.

Tulikuta watu wametawanyika kando ya mto wa mchanga, wakiita. Giza lilikuwa linaingia. Mjomba wako alikuwa amekuona, umo ndani ya lile shimo ambalo watu huchimba kutafuta maji kiangazi. Halikuwa na maji, lakini kingo zake zilikuwa zinamomonyoka, na ulikuwa umejibana chini kabisa. Muthama alikuwa akikusihi utoke na wewe hutoki. Hakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa nilipomwona. Alikuwa amekuinamia akikumulika kwa simu.

Nikamwambia azime. Nikashuka gizani kwa makalio, mchanga ukiniingia kila mahali, mpaka nikakushika mguu. Ulikuwa baridi. Nikakuuliza kwa nini ulitoroka.

Ulisema, "Mwaitu, mama, yule mtu alikuwa na uso wangu. Nilifikiri amekuja kuchukua uliobaki."

Tuliripoti kwa chifu. Mtu yule hakurudi, na hakuna aliyemjua. Labda alikuwa mtu mwema aliyeamini alichokisoma, akanunua mkate kwa pesa yake, akasafiri kutafuta mtoto mwenye njaa. Labda hakuwa. Nimelala na swali hilo tangu siku ile, na hata sasa nikiona shati safi na mkoba wa begani hapa hotelini, nakutafuta wewe kwanza kabla sijamtazama mtu usoni.

Nilikubeba tukarudi Kibwezi pamoja, ukalala kwenye kile chumba nyuma ya hoteli, na sijakuacha tena. Nilidhani nimemaliza. Niliwasihi madereva mmoja mmoja wafute. Walifuta mbele yangu, watu wazuri, wengine wakiniomba msamaha. Lakini lori jipya likifika lilikuja nayo. Kisha stika zikaja, ukiwa darasa la tano, uso wako ukakatwa ukabaki kichwa na kidole, na siku hiyo ulirudi kutoka shule umevuta sweta hadi puani. Hukulia. Uliniambia tu kwamba kuanzia leo hutaki kupigwa picha na mtu yeyote, hata mimi. Nikakubali.

Na nikavunja. Hili nalo unalijua nusu.

Siku ile ulipopata zawadi ya hesabu, nilijificha nyuma ya nguzo nikakupiga moja. Susu miguu ilikuwa imemshinda, hakuwa amekuona kwa muda mrefu, na kila nikimpigia alikuwa akiuliza, "Sasa anafanana na nani?" Nikamtumia Muthama amwonyeshe. Nikamwambia ni ya susu tu. Muthama, kwa furaha, akaiweka kwenye kundi la familia na kuandika: "Mnamkumbuka yule mtoto wa kuku? Ndiye huyu sasa."

Hakuwa na ubaya, kama mimi sikuwa nao. Lakini mpaka siku ile yule mtoto wa pichani alikuwa wa miaka sita, na wewe ulikuwa unazidi kuwa mtu mwingine. Mjomba wako ndiye aliyeziunganisha nyuso zako mbili. Nilimpigia saa ileile.

"Lakini dada," alisema, "hiyo ni familia. Familia nayo ni mtandao?"

"Nitajie waliomo."

Akaanza kutaja. Alifika kwa binamu wa Makindu akakwama. Waliobaki walikuwa namba tu, na hakuna aliyejua ni za nani au zimeolewa wapi. Akafuta. Wewe ukaacha kusema nami, ukawa unakula kwa Mama Hibo, nami nikawa nakuona kupitia dirisha la jikoni ukimsaidia kukunja nguo. Sikukulaumu. Niliogopa tu kwamba ukija kurudi hutaniamini tena kukushikia chochote.

Kumbe wewe ndiye uliyepata njia, si mimi wala mjomba wako. Ulienda studio kwa yule mzee wa karibu na posta, ukapigwa picha moja, ukamsimamia hadi akaifuta kwenye mashine, ukatoka na karatasi. Muthama alipokuja ukampa kwenye bahasha. Nilikuwa nimesimama pale. Ulimwambia, "Mjomba, mpe Susu mkononi. Na usiipige picha." Naye, mtu mzima mwenye ndevu, akajibu, "Sawa, mama."

Susu alipiga simu jioni. "Nimekuona," alikwambia. "Una shingo ya babu yako." Ulizunguka chumba kizima umeshika shingo.

Sasa nirudi kwa swali lako. Jibu zuri sina. Nikikwambia ukatae kabisa, nitakuwa nimemsahau yule mpishi aliyekuwa nyuma ya jiko. Huko Mwingi yuko mama wa namna hiyo, pengine yuko dukani, pengine mume wake yuko njiani na ng'ombe siku nyingi, na picha ya mtoto akinywa uji ndiyo chakula chao cha mchana. Usiwanyime. Mtumie mzazi, yeye mwenyewe, kwenye simu yake, mtoto wake peke yake. Usiitume kundini. Mimi nilidhani kundi ni watu ninaowajua. Ndani ya kundi kuna simu ya kaka inayotumiwa na nyumba nzima, na kuna baba aliyeachana na mke, na mke huyo hataki yule baba ajue mtoto anasoma wapi. Jina usiandike. Kibao cha shule kisionekane. Na kabla hujatuma, mgeuzie mtoto simu ajione. Hata wa miaka mitatu anajua kutikisa kichwa.

Mwalimu mkuu akisema hiyo ni kazi nyingi, msimulie habari yangu. Nakupa ruhusa. Mwambie, "Mama yangu alifanya hivi, ikawa hivi." Sitaona aibu.

Na akikataa hata hivyo? Hapo sijui. Kazi si rahisi kupata, na sitakuwa mama anayekwambia uitupe ya kwanza. Nitakuwa hapa nikiogopa pamoja nawe, hilo tu ndilo ninaloweza kukuahidi.

Kuna hofu nyingine. Huko hawakujui, na stika bado ziko. Mwaka jana ulipokuwa ukinisaidia mezani, mteja mmoja alikukazia macho akasema, "We msichana, si wewe yule mtoto anayelia?" Mimi nikaanza kuja na upawa mkononi. Wewe ulifuta meza yake pole pole.

"Ndiyo, ni mimi," ulimjibu. "Nilikuwa na miaka sita, na kuku alikuwa amekula chakula changu. Wewe utakula nini?"

Yule mtu alitazama chini. Akaagiza ugali na mboga, na alipoondoka alikwambia asante mara mbili. Hoteli yote ilikusifu. Lakini mimi nilikufuata nyuma, nikakukuta umeshika kingo za karai kwa mikono yote miwili, maji yanatikisika. Uliponiona ukaanza kuosha vikombe. Nami nikajifanya nimefuata chumvi.

Ningetaka kukwambia kwamba utazoea, lakini mimi sijazoea. Ikitokea huko, na mikono ikatetemeka, nipigie. Hata kama ni saa ya wateja. Usiniambie lolote kama hutaki, mimi nitakusimulia nani amekula na kukimbia bila kulipa, mpaka mikono itulie.

Jambo la mwisho. Shangazi zako wamenipigia tangu mchana, wanataka picha yako ukiondoka, wewe na sanduku lako. Nimewaambia wakuombe wewe. Mmoja amekasirika, ataacha.

Nami, Mwikali, sina picha yako ya sasa, hata moja. Sikuombi. Kesho nikikusindikiza hadi stejini nitaiacha simu ndani ya nyumba, chini ya mto, kwa sababu najua mkono wangu. Nitakutazama tu. Nitasimama upande ambao jua litakuwa nyuma yangu ili nikuone vizuri, na ukiniona sipungi mkono, usidhani nimekasirika. Nitakuwa bado natazama.

Mama yako